Nani Kakufungia? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kigoma Kuhusu Uhuru wa Maoni Kwenye Mitandao ya Kijamii

Maswali haya ni ya wafanyabiashara wa dagaa na mawese, wasimamizi wa makundi ya mitaa na ya vikoba, vijana wenye kurasa zao, na watu waliofungiwa akaunti wakabaki wanashangaa. Kabla ya kusoma jibu lolote, jiulize kwanza: aliyenizuia ni nani? Ni kampuni yenye mtandao, ni admini wa kundi, au ni mamlaka ya nchi? Kila mmoja ana mlango wake, na muda mwingi hupotea kwa sababu mtu anabisha mlango usio wake.

Facebook wamefuta posti yangu. Hawajavunja Katiba?

Hawajavunja. Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya 1977 inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake, na haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Kwa kawaida ngao hiyo huinuliwa dhidi ya mwenye mamlaka ya dola: sheria iliyotungwa, amri iliyotolewa, askari aliyekukamata. Kampuni ya mtandao haina mamlaka hayo. Inafanana na mwenye duka pale Barabara ya Lumumba anayekuruhusu ukae kwenye kibaraza chake mpige soga. Siku asiyopenda maneno yako atakwambia uondoke. Utasimama barabarani uendelee kusema, na hapo ndipo Ibara ya 18 inapokuhusu. Kibaraza ni chake.

Tofauti ni kwamba ulipoingia kwenye kibaraza hiki ulisaini mkataba. Ile alama ya kukubali masharti uliyoibonyeza bila kusoma ndiyo mkataba wenyewe, na ndani yake umekubali kwamba kampuni inaweza kuondoa maudhui na kufunga akaunti.

Mbona kampuni hizi ni za Marekani, na kule uhuru wa kusema hauguswi?

Hauguswi na serikali. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani, yaliyopitishwa 1791, yanaanza kwa kulikataza Bunge lao kutunga sheria ya kubana uhuru wa kusema. Hayaikatazi kampuni. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ya huko iliikataa kesi ya PragerU, shirika lililolalamika kwamba video zake zimebanwa, dhidi ya YouTube kwa hoja hiyo: YouTube ni kampuni binafsi, kuwa na watazamaji mabilioni hakuigeuzi kuwa serikali.

Zaidi ya hapo, sheria yao inaipa kampuni nguvu ya kufuta. Kifungu cha 230 cha sheria ya mawasiliano ya 1996 kina sehemu mbili zinazobeba mzigo wote. Ya kwanza inasema mwenye mtandao hahesabiwi kuwa msemaji wa maneno yaliyoandikwa na mtumiaji. Ya pili inamkinga anapoondoa kwa nia njema kitu anachokiona hakifai, hata kama kitu hicho kinalindwa na Katiba. Kwa hiyo anayedai kwamba Kifungu cha 230 kinailazimisha Facebook isipendelee upande wowote amekisoma kinyume.

Lakini mitandao imekuwa kama uwanja wa soko. Hakuna sheria inayosema mali binafsi ikiwa ya wote inabanwa?

Hoja hii ina historia, na si ya kijinga. Mwaka 1946 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Marsh dhidi ya Alabama. Kitongoji cha Chickasaw kilikuwa mali ya kampuni ya kutengeneza meli: barabara, nyumba, mfereji wa maji machafu, hata mlinzi. Shahidi wa Yehova mmoja alikamatwa kwa kugawa vijarida kando ya barabara. Mahakama ikasema kampuni inayoendesha mji mzima kama serikali haiwezi kuzima maneno kwa kisingizio cha umiliki.

Tangu hapo mlango umekuwa ukifungwa taratibu. Mwaka 1972, katika kesi ya Lloyd dhidi ya Tanner, mahakama hiyohiyo ilikataa kuupeleka mfano wa Chickasaw kwenye jengo la maduka. Mwaka 2019, katika kesi ya Halleck iliyohusu chaneli ya televisheni ya jamii huko Manhattan, ikasema kutoa jukwaa la watu kuzungumza hakumfanyi mwenye jukwaa kuwa dola. Mwaka 2024, katika Moody dhidi ya NetChoice (umoja wa kampuni za mtandao), Florida na Texas walipojaribu kuzibana kampuni zisifute maoni, majaji walizirudisha kesi mahakama za chini. Walieleza pia kwamba kuchagua kipi kionekane na kipi kisionekane ni aina ya usemi wa kampuni yenyewe, kama mhariri wa gazeti anavyochagua barua za wasomaji. Hoja ya uwanja wa soko inanoga barazani. Mahakamani, kwa kampuni binafsi, imeshindwa mara nyingi.

Nimeandika Kiswahili cha kawaida, wameniambia nimetishia mtu. Imekuwaje?

Anayesoma kwanza ni mashine, na binadamu huja baadaye, kama atakuja. Mashine inatafuta maneno na mpangilio wa maneno. Mchuuzi wa Kibirizi akiandika "leo nawachinja kwa bei", au shabiki akiandika "kesho tunawaua tatu bila", sisi tunaelewa. Mashine inaona kuchinja na kuua. Likiongezwa jina la mtu, kabila, au nchi jirani, hatari inapanda maradufu.

Kigoma ina ugumu wake zaidi. Watu huchanganya Kiswahili na Kiha katika sentensi moja, na Kiha kinakaribiana sana na Kirundi, lugha ambayo katika eneo la Maziwa Makuu imebeba maneno ya chuki ya kikabila yanayofuatiliwa kwa ukaribu. Kiswahili cha upande wa Kongo nacho kina maneno yenye uzito tofauti na wa huku. Neno lisilo na ubaya kule Kasulu laweza kusomwa kwa jicho la Bujumbura. Utani wa watani, ambao kwetu ni ada, ndio unaoumia zaidi, kwa sababu mashine haina mtani.

Kinga yake ni ndogo lakini inasaidia. Utani wa kabila usiuweke kwenye ukurasa wa wazi. Kwenye biashara tumia "bei ya kutupa" badala ya maneno ya damu. Na ukinukuu maneno ya chuki ili uyakemee, anza na kauli yako ya kuyapinga, nukuu ifuate. Ukiweka nukuu tupu na kuacha msomaji akisie msimamo wako, mkaguzi atakisia vibaya.

Tangazo langu la mbuzi limefutwa, la dagaa limebaki. Kuna ubaguzi?

Hakuna. Dagaa ni chakula, mbuzi ni mnyama hai. Kanuni za Meta, yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, haziruhusu watu binafsi kuuziana wanyama hai, na mauzo ya tumbaku, pombe, silaha na dawa za hospitali nayo yamebanwa. Mkulima wa Tabora anayepiga picha mafungu ya tumbaku akaandika "inauzwa" atafutiwa, ingawa zao hilo ni halali kabisa nchini na linalipa kodi. Asali yake ya miombo itapita bila shida. Katalogi ya WhatsApp Business nayo inakataa wanyama na tumbaku.

Hapa kanuni za kampuni zinakaza kuliko sheria ya nchi, na hilo ni jambo la kawaida kwenye mitandao hii. Usihangaike kubishana. Bidhaa za namna hiyo ziuze kwa simu na mdomo. Usijaribu pia kuandika "m.b.u.z.i" kwa nukta: ukigundulika, kukwepa ukaguzi kunahesabiwa kosa juu ya kosa. Kuhusu mtoto wa sokwe, kasuku wa Kongo au pembe, hapo tumeshatoka kwenye kanuni za Facebook tumeingia kwenye jinai.

Adhabu zinapandaje?

Kila kampuni ina ngazi zake, na ukizijua utaelewa uko wapi.

Facebook: kosa la kwanza ni onyo. La pili hadi la sita unaweza kuzuiwa baadhi ya vitu, kwa mfano kuposti kwenye makundi. Kosa la saba ni siku 1 bila kuposti, la nane siku 3, la tisa siku 7, la kumi na kuendelea siku 30. Kila kosa hukaa kwenye kumbukumbu mwaka mmoja. Makosa mazito, kama unyonyaji wa watoto kingono, hayapitii ngazi. Akaunti inaondoka moja kwa moja.

YouTube: kwanza onyo, kisha alama tatu. Alama ya kwanza inakuzuia kupakia wiki 1, ya pili wiki 2, na zikifika tatu ndani ya siku 90 chaneli inafutwa. Alama za hakimiliki zina hesabu yake pembeni, na ndizo zinazowaua wengi huku, kwa sababu mtu hupakia video ya harusi yenye wimbo wa msanii akidhani kwamba kwa kuwa harusi ni yake, na wimbo ni wake.

Nikitaka kukata rufaa nifanyeje hasa?

Anza kwa kupiga picha ya skrini ya taarifa uliyoletewa, kabla hujabonyeza kitu chochote. Ikibidi tumia simu nyingine kuipiga picha. Unahitaji ionekane tarehe, sababu waliyoitaja na namba ya kumbukumbu kama ipo. Wengi hubonyeza "sawa" haraka, ujumbe ukapotea, wakabaki na hadithi isiyo na ushahidi.

Kisha fungua sehemu ya msaada ndani ya programu yenyewe. Kwenye Facebook ipo chini ya picha yako, kwenye kisanduku cha ujumbe wa usaidizi; kwenye Instagram iko ndani ya mipangilio, sehemu inayoonyesha hali ya akaunti. Humo utaona posti iliyolalamikiwa na kitufe cha kuomba wakague upya. Menyu hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo ukikosa kitufe, sasisha programu kwanza.

Ukipewa nafasi ya kuandika, andika sentensi tatu. Ya kwanza itaje kanuni waliyosema umeivunja. Ya pili ieleze neno lako lina maana gani hapa: "Kwa Kiswahili cha wafanyabiashara, kuchinja bei ni kuipunguza." Ya tatu iombe posti irudishwe. Usitukane. Usitaje Katiba, kwa sababu mkaguzi ana orodha ya kanuni za kampuni mbele yake na ndiyo anayopima nayo. Hoja nzuri kwenye meza isiyo yake ni sawa na kupeleka tiketi ya treni kwenye boti.

Muda ni jambo kubwa. Akaunti ya Facebook au Instagram iliyosimamishwa ina siku 180 za rufaa. Zikipita bila rufaa inafungwa moja kwa moja. Kampuni ikikataa rufaa yako juu ya posti, unaweza kupewa namba ya kumbukumbu ya kwenda Oversight Board, bodi ya nje ya kampuni iliyoanza kupokea mashauri Oktoba 2020. Una siku 15 tu. Bodi hiyo huchagua mashauri machache sana kati ya mengi, na haishughuliki na WhatsApp. Ndiyo iliyosikiliza shauri la Donald Trump: Mei 2021 ilikubali kwamba Facebook ilikuwa na sababu ya kumzuia, lakini ikaikosoa kwa kumpa adhabu isiyo na mwisho ambayo haikuwa kwenye kanuni zake. Soma hapo vizuri. Hata kwa rais, swali lililoulizwa ni kama kampuni imefuata kanuni zake yenyewe.

Usifungue akaunti mpya wakati rufaa bado. Itaonekana unakwepa adhabu, na zote mbili zitaondoka.

Posti haijafutwa, ila haionwi na mtu. Nimefungiwa kimyakimya?

Inawezekana, na pia inawezekana hadhira imechoka. Kampuni hupunguza usambaaji wa posti bila kuifuta, hasa zinazoomba "like na share" kila mstari, zenye viungo vya kitapeli, au zilizoandikwa kwa kunakiliwa makundi ishirini kwa dakika tano. Hilo la mwisho ndilo ugonjwa wa wauza bidhaa. Angalia hali ya akaunti kwanza. Kama ni safi, punguza kunakili na acha nafasi ya saa moja au zaidi kati ya kundi na kundi.

WhatsApp wanasema hawasomi ujumbe. Basi namba yangu imefungiwaje?

Ujumbe umefungwa kwa ufunguo ulioko kwenye simu yako na ya mwenzako tu, hilo ni kweli. Lakini mtu akikuripoti, programu inaituma kampuni nakala ya ujumbe wa mwisho uliomtumia, hadi mitano. Vilevile kampuni inaona mwenendo bila kuona maneno: namba mpya inayowatumia ujumbe watu mia wasiokuwa na namba yake, inayofungua makundi mengi kwa siku moja, inayoblokiwa na wengi. Hivyo ndivyo wauzaji wanaolipia "kutuma kwa wote" wanavyopoteza laini.

Sababu nyingine, na hii ni kubwa mkoani, ni WhatsApp GB na ndugu zake. Hizo si programu za kampuni, ni nakala zilizochezewa, na akaunti inayozitumia hufungiwa kwa muda na, mtu akikaidi, moja kwa moja. Tiba ni kuhifadhi mazungumzo, kuitoa GB, na kupakua ile halisi kutoka Play Store. Ukikuta ujumbe kwamba akaunti haiwezi kutumia WhatsApp, bonyeza kuomba ukaguzi, weka namba ya siri ya tarakimu 6 itakayokuja kwa SMS, subiri.

Mimi ni admini. Nikimtoa mtu kwenye kundi nimemnyima uhuru wake?

Hujamnyima. Kundi ni kibaraza chako wewe na wenzako. Ila kama ni kundi la kikoba, chama cha ushirika au wazazi wa shule, tofautisha kundi la simu na uanachama. Kumtoa kwenye WhatsApp hakumuondoi kwenye chama wala hakufuti hisa zake, na kama matangazo ya mikutano hutolewa humo tu, umemnyima taarifa anayostahili kwa mujibu wa katiba ya chama chenu. Mpelekee taarifa kwa SMS au karatasi.

Kanuni za kundi ziandikwe kwenye maelezo ya kundi, si kwenye ujumbe utakaozama. Zitoshe mistari mitano: kundi ni la nini, nini hakitumwi (picha za ajali na maiti, ngono, siasa kama hamtaki), habari ya jumla isitumwe bila chanzo, onyo ni mara ngapi, nani anaamua. Wekeni maadmini wawili au watatu. Admini mmoja akilala, picha mbaya iliyotumwa saa sita usiku inakaa hadi alfajiri, na watu 1,024 ndio wanaoweza kuwa ndani ya kundi moja.

Admini naweza kukamatwa kwa ujumbe wa mwanachama?

Anayejibu kwanza ni aliyeandika na aliyesambaza. Lakini sheria ya jinai inamgusa pia anayesaidia au kuchochea kosa, na simu ya admini ni mahali pa kwanza mpelelezi anapotazama. Una uwezo wa kufuta ujumbe wa mwanachama kwa wote. Ukiuona ukauacha, au ukauwekea alama ya kucheka, umejitengenezea maelezo magumu. Piga picha ya skrini yenye namba na saa, futa, mpe onyo mbele ya kundi. Hatua hizo tatu huchukua dakika mbili.

Kama mtandao wenyewe haujafuta, maana yake niko salama kisheria?

Hapana, na hili ndilo kosa la hatari kuliko yote kwenye ukurasa huu. Kampuni kuruhusu si kibali cha nchi. Ibara ya 30 ya Katiba inaruhusu haki kuwekewa mipaka kwa ajili ya haki za wengine na maslahi ya umma, na sheria kadhaa zimeiweka.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inamhusu anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kudanganya umma. Faini ni isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Kifungu cha 23, cha kumsumbua na kumtisha mtu kwa ujumbe, kina kiwango hichohicho. Neno "akijua" lina uzito: kusambaza kwa kutojua si sawa na kutunga. Lakini ukiambiwa kwamba habari ni ya uongo ukaiacha iendelee, utetezi wako wa kutojua umeanza kuyeyuka.

Anayeendesha televisheni ya mtandaoni au ukurasa wa habari kama chombo anahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na anabanwa na Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020.

Nimechafuliwa jina Facebook, nimeripoti, wanasema haikiuki viwango vyao. Nifanye nini?

Hao ni kampuni, na jibu lao linahusu viwango vyao tu. Bado una njia nyingine.

Kusanya ushahidi kabla hujamgombeza mwandishi, maana akistuka atafuta. Unahitaji picha za skrini zenye jina la akaunti, tarehe na maoni yaliyofuata. Kiungo cha posti na kiungo cha akaunti, kwa sababu jina la akaunti hubadilishwa lakini kiungo hufuatilika. Na mashahidi wawili walioiona kwenye simu zao. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki, ila mahakama huangalia ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na jinsi aliyeutuma alivyotambuliwa. Simu iliyotumika usiifomati wala kuiuza.

Kama kuna vitisho, picha za utupu au kujifanya wewe, nenda polisi ufungue jalada, uchukue RB. Kama ni kashfa, dai lake ni la madai na muda wake ni miaka 3. Mara nyingi barua ya wakili ya kudai kufuta na kuomba radhi inamaliza jambo kwa gharama ndogo kuliko kesi. Kama kilichowekwa ni namba yako, anwani au taarifa za afya, ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake inapokea malalamiko.

Na ripoti tena kwa kampuni ukichagua kipengele sahihi. Watu huchagua "sipendi" au "habari ya uongo" wakati posti ina namba ya simu na picha ya nyumba. Hiyo ni ya faragha. Kipengele ndicho kinachoamua foleni gani ripoti yako inaingia.

Ukurasa wa ofisi ya serikali umenibloku. Hapo je?

Hapo mambo yanabadilika, kwa sababu aliyekuzuia sasa ni dola ndani ya kibaraza cha mtu mwingine. Marekani, katika kesi ya Lindke dhidi ya Freed ya Machi 2024, mahakama iliweka vipimo viwili: ofisa awe na mamlaka halisi ya kusema kwa niaba ya serikali, na awe alikuwa anayatumia mamlaka hayo kwenye posti husika. Akiwa anaposti picha za watoto wake, ana haki ya kubloku kama mtu mwingine yeyote. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, lakini kipimo chake kinasaidia kufikiri.

Huku, hoja ya Ibara ya 18 ina uzito zaidi hapa kuliko dhidi ya kampuni. Anza na barua kwa ofisi husika, taja tarehe na maoni uliyoandika, omba ufunguliwe. Weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Dai la haki za msingi hupelekwa Mahakama Kuu, iliyo na kanda Kigoma na Tabora, na tangu marekebisho ya 2020 mlalamikaji anapaswa kuonyesha alivyoathirika yeye binafsi. Ile barua yenye muhuri ndiyo mwanzo wa maelezo hayo. Kama maoni yako yalikuwa matusi ya nguoni, usijisumbue.

Na mtandao mzima ukizimwa?

Huo ni mlango wa serikali, kampuni haina la kukujibu. Oktoba 2020 wakati wa uchaguzi Twitter haikufunguka nchini. Mei 2025 X, ndiyo Twitter kwa jina jipya, ilizuiwa. Septemba 2025 TCRA ilisimamisha leseni ya JamiiForums kwa siku 90. Na siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, intaneti yenyewe ilizimwa. Kukata rufaa Facebook kwa jambo la namna hiyo ni kazi bure. Kuhusu VPN, yaani programu za kuupita uzuiaji wa mtandao, TCRA iliagiza wanaozitumia wazisajili ifikapo 30 Oktoba 2023, kwa hiyo usichukue ushauri wa kijiweni kwamba ni programu kama nyingine.

Mfanyabiashara ajipange kabla. Andika namba za wateja wako kwenye daftari. Aliyekuwa na wateja wake wote ndani ya programu moja hushinda siku nzima gati la Kibirizi na maboksi ya dagaa bila mtu wa kumpigia.

Naweza kuishtaki kampuni bila kwenda Marekani?

Kenya imefungua ukurasa. Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilisema ina mamlaka ya kusikiliza kesi inayodai kuwa Facebook ilikuza maudhui ya chuki wakati wa vita vya Ethiopia. Angalia mwelekeo wake: walalamikaji wanalalamika kwamba kampuni ilifuta kidogo mno. Kwa anayelalamika kufutiwa, Ulaya ndiyo imeenda mbali zaidi. Sheria yao ya huduma za kidijitali, inayotumika kikamilifu tangu 17 Februari 2024, inailazimisha kampuni kumpa mtumiaji sababu ya maandishi na kumwachia angalau miezi 6 ya kulalamika. Haki hizo ni za walioko Ulaya. Mtu wa Ujiji anafaidika pale tu kampuni inapoamua kutumia mfumo mmoja dunia nzima.

Kuna kijana anasema anajuana na watu wa Facebook, atanirudishia akaunti kwa elfu hamsini.

Hajuani nao. Atakuomba namba ya siri ya tarakimu 6 au nywila, aingie, abadilishe barua pepe, kisha aanze kuwakopa rafiki zako kwa jina lako. Rufaa ni bure na huifanya mwenyewe kwenye simu yako. Kama ameshachukua hela kwa simu, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako waizuie, tuma namba yake kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, chukua RB. Kisha weka uthibitisho wa hatua mbili kwenye kila akaunti iliyobaki, na PIN yake usitumie mwaka wako wa kuzaliwa.